Ushahidi wa Mkandaji

(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi wao, kabla ya futari)



Nimeombwa nizungumze juu ya siri: ipi yafaa kufichwa, na ipi ni dhuluma kuificha. Maneno matupu juu ya jambo hili tumeyasikia mengi, na vijana hawayapendi. Kwa hivyo nimechagua kisa kimoja cha kweli, cha watu walio mbali na sisi na mchezo ambao wengi wetu hatuufuati: mbio za baiskeli za Ulaya.

Kwetu baiskeli ni chombo cha kubebea maji, mkate na mtoto wa shule. Kule ni kazi ya mshahara. Mashindano makubwa kushinda yote ni Tour de France, wiki tatu kila Julai, zaidi ya kilomita 3,000, milima juu ya milima. Baadhi yenu mwayajua kwa sababu ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na akayashinda mara nne kati ya 2013 na 2017. Mimi nataka kuwarudisha nyuma ya hapo.

Kwanza fahamuni pesa zatoka wapi, maana bila ya hilo hamtaelewa kitu. Klabu ya mpira ina uwanja, ina lango, inakata tiketi. Mbio za baiskeli hupita barabarani, watu husimama kando wakatazama bure. Timu haina lango la kusimamia. Riziki yake karibu yote yatoka kwa mdhamini, yule ambaye jina lake limeandikwa kifuani: Festina, watengenezaji wa saa, au U.S. Postal Service, yaani posta ya Marekani. Mdhamini akiona aibu akajitoa, hakuna timu. Mpanda baiskeli, fundi, mpishi, dereva wa basi, mkandaji wa misuli, wote wako nje siku moja. Basi siri hii haikulindwa na mtu mmoja mwovu aliyekaa gizani. Ililindwa na mshahara wa kila mtu.

Na siri yenyewe ilikuwa nini? Figo zetu hutoa homoni inayouamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa ya oksijeni. Mgonjwa wa figo huikosa, ndipo wataalamu wakamtengenezea dawa yake iitwayo EPO. Ni dawa ya wagonjwa. Lakini mtu mzima wa afya akijidunga, chembe zake huzidi, na mlimani humwacha mwenzake kama amesimama. Damu nayo huwa nzito, na damu nzito huganda, moyo ukapata taabu. Katika miaka ya tisini dawa hii ilienea timu kwa timu, na hapakuwa na kipimo cha kuigundua mpaka mwaka 2000. Shirikisho la mchezo huo duniani, UCI, liliweka mpaka tu mwaka 1997: chembe nyekundu zisizidi sehemu 50 kwa 100 za damu. Aliyezidi hakuitwa mwizi. Aliambiwa apumzike siku 15, ati kwa ajili ya afya yake! Basi watu wakawa wanajipima wenyewe hotelini, na aliyekaribia mpaka alitiwa maji ya chumvi mshipani kabla mpimaji hajagonga mlango.

Pazia lilipasuka tarehe 8 Julai 1998. Maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari la timu ya Festina karibu na mpaka wa Ubelgiji. Ndani ya gari kulikuwa na Willy Voet, mkandaji wa timu, na mamia ya vichupa: EPO, homoni za ukuaji, testosteroni na vinginevyo. Mkandaji, ndugu zangu, katika timu hizi si mtu wa kukanda miguu tu. Yeye hufunga mizigo, hutengeneza chakula, hubeba mifuko. Ajuaye yaliyomo ndani ya mfuko ni yule anayeubeba. Timu ikafukuzwa kwenye mashindano, polisi wakaanza kupekua hoteli usiku. Na wapanda baiskeli walifanya nini? Waligoma. Walikaa chini barabarani. Hawakugoma kwa sababu ya dawa, waligoma kwa sababu ya polisi.

Watu wa mchezo ule wana neno lao walilolichukua kwa Wataliani, omerta, yaani mapatano ya kunyamaza kama ya wahalifu wa Sicily. Na wana msemo wao pia: mtu akisema, huambiwa ametema mate kwenye supu. Uzingatieni msemo huo. Hawasemi kuwa supu ina sumu. Wanasema kosa ni la aliyeitemea.

Sasa nije kwa watu waliosema, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Wa kwanza ni Christophe Bassons, Mfaransa, kijana. Alikuwa katika timu hiyohiyo ya Festina, na wenzake walipohojiwa na polisi walimtaja kuwa miongoni mwa wachache waliokataa sindano. Mwaka 1999, mwaka ulioitwa mwaka wa kujisafisha, alishiriki Tour na timu nyingine, na kila siku akaandika safu fupi katika gazeti la Le Parisien. Hakumtukana mtu. Aliandika kuwa kasi anayoiona haimwingii akilini. Aliyekuwa akiongoza ni Lance Armstrong, Mmarekani aliyepona saratani akarudi kushindana, na dunia nzima ilikuwa ikimpigia makofi. Tarehe 14 Julai, wakielekea mlima wa Alpe d'Huez, Armstrong alimsogelea akamwambia kuwa anayoyasema yanaudhuru mchezo, na kama hali ni hiyo heri aende zake nyumbani. Wenzake wakamtenga. Hakuna aliyetaka kuonekana akizungumza naye. Siku mbili baadaye alifunga mzigo akaondoka. Mwaka 2001 aliacha kabisa kazi hiyo, akiwa na umri wa miaka 27.

Mwaona alivyojibiwa? Hawakumwambia mwongo. Walimwambia: wewe hukutumia, hukuingia chumbani, wajuaje? Mtu safi hana ushahidi kwa sababu ya usafi wake.

Basi tuseme ushahidi uletwe na aliyeingia chumbani. Yupo Mtaliani, Filippo Simeoni. Huyu alikiri mahakamani kuwa alitumia dawa, na akatoa ushahidi dhidi ya daktari wake, Michele Ferrari, ambaye pia alikuwa mshauri wa Armstrong. Armstrong akamwita mwongo hadharani. Tarehe 23 Julai 2004, katika Tour, Simeoni aliwakimbilia watu sita waliokuwa wametangulia. Hawa hawakuwa tishio kwa mtu yeyote katika ushindi wa jumla. Armstrong alikuwa amevaa fulana ya manjano ya kiongozi, mashindano yameshakuwa yake, hana haja ya kuhangaika. Lakini alitoka ndani ya kundi akamfuata yeye binafsi mpaka akamfikia. Wale sita wakajua kuwa Armstrong akiwa pamoja nao, timu nyingine hazitawaachia waende. Wakamwomba Simeoni arudi nyuma. Akarudi. Armstrong naye akarudi, na mbele ya kamera akapitisha vidole mdomoni kama mtu afungaye zipu. Watu wengine ndani ya kundi walimzomea Simeoni. Hayo yalionyeshwa katika televisheni, ulimwengu mzima ukaona, na bado miaka minane ikapita kabla ya jambo kufanyika.

Simeoni aliambiwa: wewe ulitumia, ulidanganya jana, kwa nini tukuamini leo? Kwa hivyo msafi haaminiwi kwa kuwa hakuona, na mchafu haaminiwi kwa kuwa ni mchafu. Mlango umefungwa pande mbili.

Wamebaki kina nani? Wamebaki waliokuwemo chumbani lakini hawakula. Na hao katika kisa hiki walikuwa wanawake wawili.

Emma O'Reilly, kutoka Ireland, alikuwa mkandaji wa timu ya posta ya Marekani katika miaka ya mwisho ya tisini. Alieleza baadaye kuwa alitumwa kuvuka mpaka kuchukua vidonge, kuwa alitupa mabomba ya sindano yaliyotumika, kuwa Armstrong alimwomba poda ya kujipaka afiche alama ya sindano mkononi. Kubwa zaidi ni la mwaka 1999. Kipimo cha Armstrong kilionyesha dawa ya jamii ya kotisoni. Kwa maelezo ya Emma, wakubwa wa timu walipatana, yeye akiwa palepale akikanda, kuwa daktari aandike cheti cha dawa ya kupaka kwa vidonda vya kukalia baiskeli, na tarehe irudishwe nyuma. UCI ikakikubali cheti. Mtu anakanda mgongo, na mbele yake wanapanga uongo kana kwamba yeye ni meza. Nadhani hapo ndipo walipokosea. Wenye cheo husahau kuwa mtumishi ana masikio.

Emma alipoacha kazi hakuenda mbio kwenye magazeti. Alinyamaza miaka kadhaa. Alikuja kusema kwa mwandishi David Walsh, ambaye pamoja na Mfaransa Pierre Ballester walitoa kitabu mwaka 2004. Mwenyewe alieleza kuwa kilichomsukuma ni vijana waliokuwa wakifa na kuharibika katika mchezo ule. Malipo yake ilikuwa kesi, na matusi ambayo katika mkusanyiko huu siwezi kuyataja, matusi ambayo mwanamke hutupiwa pale mtu anapokosa jibu. Gazeti la Sunday Times la London, lililochapisha habari hizo, lilibidi limlipe Armstrong pauni 300,000 mwaka 2006 ili kesi iishe.

Mwingine ni Betsy Andreu, mke wa Frankie Andreu, aliyepanda baiskeli pamoja na Armstrong. Mwaka 1996, Armstrong akiwa hospitalini Indianapolis kwa saratani, Betsy na Frankie walikuwa wamekwenda kumzuru. Daktari akamuuliza mgonjwa kama amewahi kutumia dawa za kuongeza nguvu, naye akazitaja moja baada ya nyingine: EPO, testosteroni, homoni za ukuaji. Ndivyo alivyosema Betsy, na mwaka 2005 aliyasema kwa kiapo. Hakujitolea, aliitwa na wanasheria, kwa sababu kampuni ya bima, SCA Promotions, ilikuwa inakataa kumlipa Armstrong bonasi ya dola milioni 5. Alipoulizwa akiwa ameshakula yamini, alisema alichokisikia. Mumewe pia. Armstrong alikana, naye kwa kiapo. Mwaka 2006 kampuni ikalipa dola milioni 7.5, na Betsy akaitwa mwenye chuki na wivu kwa miaka sita mingine.

Wazazi wetu, mtajiuliza vipi jambo lililojulikana na watu wengi hivi likakaa hivyo. Mshahara nimeshautaja. Lakini palikuwa na kitu kingine kizito: ugonjwa. Armstrong alikuwa na taasisi ya kusaidia wenye saratani, na kuanzia 2004 mamilioni ya watu walivaa bangili yake ya manjano. Wengine walikuwa wagonjwa kwelikweli, wameishikilia kama tegemeo. Ukisema neno, waonekana umemnyang'anya mgonjwa tumaini lake. Jambo la kheri likawa ngao ya jambo la shari. Na wasimamizi nao? Tume huru iliyoundwa kuchunguza mambo hayo ilisema mwaka 2015 kuwa wakuu wa UCI walimpendelea na kumkingia. UCI hiyohiyo ilikuwa imepokea kwake michango ya zaidi ya dola 100,000. Kadhi anayepokea zawadi kwa mshtakiwa twamjua jina lake.

Siri haikutobolewa na mtu mwema. Ilitobolewa na Floyd Landis. Huyu alikuwa katika timu ya Armstrong, kisha akashinda Tour ya 2006 na timu nyingine, akakutwa na testosteroni, akavuliwa ushindi. Alikana kwa miaka karibu minne. Alichangisha pesa kwa watu wa kawaida wamsaidie katika kesi, akijua anadanganya, na mwaka 2012 alilazimika kukubali kuwarudishia karibu dola 478,000. Mwaka 2010, timu mpya ya Armstrong haikumchukua, akaandika barua pepe akaeleza kila kitu: damu zilizotolewa na kurudishwa mwilini, ratiba, nani alikuwepo. Akafungua pia kesi chini ya sheria ya Marekani inayomruhusu raia kumshtaki aliyeidhulumu serikali, na kupata sehemu ya fedha zitakazorudi. Posta ile ilikuwa ya serikali.

Watu walisema: ana kisasi, anataka pesa. Yawezekana vyote viwili. Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli. Hasira yake haikuibadilisha tarehe wala mahali. Mimi katika kisa chote hiki hapa ndipo ninapoona vijana wetu wana la kufikiri, kwa sababu sisi nasi tukiletewa habari mbaya huuliza kwanza nani kasema, ana nini na fulani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini baada yake lazima lije lingine: je, kuna shahidi wa pili?

Na mashahidi wakaja. Wachunguzi wa serikali ya Marekani, na baada yao shirika la kupambana na dawa michezoni la nchi hiyo, USADA, waliwaita mmoja mmoja. Tyler Hamilton alisema katika televisheni mwaka 2011. Watu ambao kwa miaka kumi waliweza kumdanganya mwandishi wa habari bila kupepesa macho hawakuweza kudanganya mbele ya maofisa, wakijua kuwa uongo huo una jela. Tarehe 10 Oktoba 2012 USADA ilitoa uamuzi wake: mashahidi 26, kati yao 11 waliokuwa timu moja na Armstrong, na kurasa zaidi ya 1,000 za maelezo na vielelezo. Emma na Betsy wamo. Waliyoyasema tangu 2004 na 2005 yakawa ndiyo hayohayo.

Kuna jambo moja linaniudhi, na sitalificha. Wapanda baiskeli kadhaa waliotoa ushahidi mwaka huo bado walikuwa kazini. Wakafungiwa miezi sita, kuanzia Septemba mpaka Machi, msimu wa baridi, wakati mbio ni chache. Bassons, ambaye hakudunga sindano hata moja, alipoteza kazi yake yote. Najua wachunguzi wana hoja: bila kupunguza adhabu hakuna atakayefungua mdomo. Hoja ina nguvu. Lakini haina haki ndani yake, na wanaoitoa wangeweza angalau kukubali hivyo.

Januari 2013 Armstrong alikiri mbele ya Oprah Winfrey. Alipoulizwa kama alimshtaki Emma, jibu lake lilikuwa kwamba waliwashtaki watu wengi mno. Hata hakuwa na hakika! Baadaye, mwishoni mwa mwaka huo, alikutana na Emma ana kwa ana akamwomba radhi. Sunday Times ikarudishiwa chake. SCA ikaamuliwa mwaka 2015 ilipwe dola milioni 10. Na Aprili 2018 ile kesi ya Landis ikaisha kwa Armstrong kukubali kulipa serikali dola milioni 5, na Landis akapata milioni 1.1 kati ya hizo.

Mtaniambia: sisi tumelelewa kusitiri. Ni kweli, na ni malezi mazuri. Mtu akiteleza, jambo likawa ni lake na nafsi yake, ukamfunika, akapata nafasi ya kurudi, hiyo ni sitara. Kumtangaza ni umbea. Lakini tazameni siri ya wale jamaa, nani alikuwa analiwa. Aliliwa kijana aliyemaliza wa ishirini kwa jasho lake wakati haki yake ilikuwa ya tano, akakosa mkataba. Aliliwa anayekuja mwaka kesho, mwenye miaka 20, anayeambiwa na daktari wa timu kuwa hapa kazi ni hivi, chagua. Siri yenye mtu wa tatu ndani yake, anayeumia na hajui, hiyo mimi siwezi kuiita sitara.

Na hayo hayakubaki Ulaya. Sisi Wakenya tunakimbia, na dawa ni ileile. Mwaka 2014 Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alikutwa na EPO, akafungiwa. Wengi wamefuata baada yake. Mwaka 2016 nchi yetu ilitunga sheria na kuunda shirika lake la kupambana na dawa hizi, baada ya kubanwa na dunia. Mwanariadha hukamatwa kwa sababu mkojo na damu ni zake. Aliyeileta dawa, aliyeiuza, aliyemwambia ni vitamini, mkojo haumtaji. Huyo hutajwa na mtu: mwenzake wa kambini, mfanyakazi wa duka la dawa, mke. Shirika la dunia, WADA, lilifungua mwaka 2017 njia ya kutoa habari bila jina lako kujulikana, iitwayo Speak Up. Wenye watoto katika kambi za riadha waijue.

Nimalizie kwa orodha. Mwaka 2012 UCI ilipomvua Armstrong ushindi wake wote saba, iliamua pia kuwa ushindi huo usipewe mtu mwingine. Wengi waliomaliza nyuma yake nao walikuwa wameguswa na dawa, na haikujulikana mkono wa kuishia. Ukitazama majina ya washindi wa Tour de France, yanakuja vizuri mpaka 1998, kisha kuanzia 1999 hadi 2005 ni miaka mitupu, haina mtu. Bassons aliondoka katika ule wa kwanza wao, tarehe 16 Julai, zikiwa zimebaki siku tisa.